Mizani Kabla ya Glovu

Medali pekee ya dhahabu ambayo Tanzania imeipata katika ngumi za Michezo ya Jumuiya ya Madola ililetwa na mtu wa kilo 54. Michael Yombayomba aliitwaa Kuala Lumpur mwaka 1998, uzito wa bantamu. Hapa Tunduru vijana wa umbo hilo tunao tele: ndio wapakiaji wa magunia ya korosho, na ndio waliochekecha mchanga wa mto Muhuwesi madini yalipopamba moto miaka ya tisini. Bila mizani, hakuna hata mmoja wao angethubutu kuota ubingwa.

Dunia ilipiganisha watu bila kupima kwa muda mrefu. Jack Broughton alipoandika kanuni zake za ngumi London mwaka 1743, alikataza kumpiga aliyeanguka na kumshika mtu chini ya kiuno, uzito hakuutaja. Daniel Mendoza, bingwa wa Uingereza wa ratili 160 hivi, yaani kilo 72 na ushei, aliwashinda wakubwa kuliko yeye kwa wepesi wa miguu na akili. Mwaka 1795 John Jackson, aliyemzidi mwili, alimkamata nywele kwa mkono mmoja akamtwanga kwa wa pili, na ubingwa ukaenda. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1909 ndipo National Sporting Club ya London ikapanga ngazi nane, kuanzia ratili 112 hadi uzito wa juu usio na kikomo. Ngumi za kulipwa zimeongeza ngazi nyingine, lakini zile nane bado ndizo nguzo.

Sisemi kila pambano lahitaji kupimana. Kule Makunduchi, Zanzibar, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hutandikana kwa migomba, mnene kwa mwembamba, na hakuna anayelalamika, kwa sababu pale watu wanatoa vinyongo vya mwaka, hawatafuti bingwa. Ukishataka kujua nani bora, lazima kwanza uondoe kinachowatofautisha bila jasho lao.

Kwetu kusini ngumi za ulingoni zililetwa na waliopita jeshini. Wayao waliandikishwa kwa wingi KAR, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, na babu yangu alikuwa mmoja wao. Jeshi hilo hilo ndilo lililomlea Idi Amin, bingwa wa Uganda kuanzia mwaka 1951 hadi 1960 katika ngazi iliyo chini tu ya uzito wa juu. Babu alirudi na mazoea ya kambini. Alipotupanga uani hakuuliza umri, wala hakutusimamisha mgongo kwa mgongo kuangalia kimo. Alitubeba mgongoni mmoja mmoja, akatembea hatua chache, kisha akaamua: "Wewe na huyu." Binamu yangu aliyenizidi miaka mitatu nilipangwa naye mara nyingi, na kila mmoja wetu alikuwa na siku zake za kushinda.

Nilipokuja kufundisha, tulipima kwenye mizani ya ghala la korosho. Inafaa kwa gunia, si kwa bondia: sindano yake haijali nusu kilo, na katika uzito wa chini nusu kilo ni kitu kikubwa. Nimeona pia ubaya wa upande wa pili. Kijana wetu mmoja alizunguka uwanja wa mpira saa saba mchana amevaa makoti mawili ili ashushe kilo mbili. Alipanda ulingoni midomo imepasuka, na raundi ya pili akaanguka kwa konde ambalo siku nyingine asingelisikia. Nilimruhusu mimi, kama makocha wengi walivyoruhusu. Mwaka 1997, Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo walikufa wakishusha uzito kwa njia hiyo, ndipo kanuni za vyuo zikabadilishwa.

Vijana siku hizi wanataka kuwa wakubwa haraka, wadhani heshima iko kwenye kilo nyingi. Nawatajia Titus Simba, aliyeleta medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970 akiwa uzito wa kati. Aliyemshinda fainali, John Conteh, alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBC mwaka 1974. Nawatajia Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe, walioleta shaba kutoka Birmingham mwaka 2022. Kila mmoja alipigana kwenye uzito wake.

Walimu wenzangu wa Tunduru, Namtumbo na Masasi, naomba mambo mawili. Changeni fedha mnunue mizani ya kidijitali, hata moja kwa wilaya. Na kijana akizidisha kilo, mpandisheni ngazi, msimnyime maji.