Madamu Alipoenda Kujifungua

Ndugu zetu, kwa sisi tuliosoma darasa la saba huku Munkunyu, muhula wa tatu ndio kila kitu, maana Novemba ni PLE. Wengi tulivuka mpaka wa Mpondwe na Kifaransa cha Kongo kichwani. Madamu ndiye aliyetufafanulia kwa Kiswahili. Septemba akaenda kujifungua, na hakuletwa mtu wa kushika darasa. Tukanung'unika: kwa nini sasa?

Baadaye tukasoma historia. Mwaka 1919 kule Washington, mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani uliwapa wanawake wa viwandani na biashara haki ya kupumzika wiki 6 kabla ya kujifungua na 6 baada yake. Katiba ya Uganda ya 1995 ikaahidi kulinda wanawake na uzazi wao. Sheria ya Ajira ya 2006 ikaweka siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na mama kurudi kazini kwake.

Hebu tuhesabu: siku 60, kwa siku 5 kila wiki, ni wiki 12. Karibu muhula mzima! Lakini mimba haiji ghafla. Miezi ya kutafuta mwalimu ilikuwepo. Kosa halikuwa la madamu.

Sisi tulifundishana jioni, tukaingia mtihani hivyo hivyo. Ninyi mnaosaidia shule zetu, mkiona mwalimu mjamzito mwezi wa sita, mpongezeni, halafu ulizeni: Septemba nani atashika darasa?