Bunduki na Hukumu ya Mawindo katika Mwambao wa Tanga

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Katika karne ya 19 magobori yalienea Mrima kupitia Unguja. Yalipanda na misafara ya Pangani hadi Mazinde, ambako Semboja, mwana wa Kimweri wa Vugha, alijijengea nguvu kwayo. Mwaka 1888 na 1889 Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani walipambana na Wajerumani kwa silaha za namna hiyo. Gobori hilohilo likishindiliwa baruti na marisaa huwinda kanga na kwale.

Hapo ndipo fiqhi inapoingia. Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria), ambaye kitabu chake Minhaj kimesomeshwa sana katika mwambao wetu wa Kishafi, haruhusu kuliwa mnyama aliyeuawa kwa bunduqa. Tusifanye haraka. Bunduqa ya zama zake ilikuwa kidonge cha udongo, nacho huua kwa kuponda. Jina lilihamia kwenye silaha ya moto, likaja kwetu kuwa bunduki. Je, na hukumu ilihama nalo?

Marejeo yetu ni Hadithi ya Adiy bin Hatim katika Bukhari na Muslim: kilichotobolewa huliwa, kilichopigwa kwa ubapa hakiliwi. Kwa msingi huo Imam Shawkani wa Yemen (aliyefariki 1250 Hijria) alihalalisha mawindo ya risasi, kwa kuwa inatoboa. Wengine walishikilia katazo.

Kwa hiyo ustadi wa mpigaji si jambo la fahari tu. Ndege anayeruka hangoji: mtutu hutangulizwa mbele yake, hufuata mwendo wake, na mkono hausimami wakati wa kufyatua. Anayechelewa humjeruhi tu, akapotelea kichakani. Basi mwindaji apige Bismillahi, akimbilie windo lake, na akilikuta hai alichinje. Hapo khitilafu huondoka. Akilikuta limekufa majini, kama katika mikoko ya Mto Pangani, asile, kwani haijulikani kilicholiua.

Na anayejifunza asifanye kiumbe hai shabaha. Ibn Umar aliwakemea vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakimlenga mishale. Uingereza ilipiga marufuku kulenga ndege waliofunguliwa kutoka vizimbani mwaka 1921 tu. Leo hurushwa visahani.

Tunawanasihi ndugu zetu: jifunzeni hukumu kabla ya shabaha, na msiwinde bila kibali cha serikali.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.