Asidi na Saratani ya Ovari: Historia Iliyopotoshwa

Leo tunazungumzia saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi vya mwanamke.

Mama mmoja wa Kawangware alinijia tumbo likiwa limevimba kwa miezi kadhaa. Kila asubuhi alikuwa akinywa maji ya magadi. Alikuwa ameambiwa kwamba saratani huletwa na asidi, na magadi huimaliza. Habari hiyo ilitoka wapi?

Ilianzia Ujerumani. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi Otto Warburg aligundua kwamba seli za saratani hutumia sukari nyingi na kutoa asidi ya laktiki, hata mahali penye oksijeni ya kutosha. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobel. Wauzaji wa tiba za mitaani husema alituzwa kwa kuthibitisha kuwa asidi ndiyo chanzo cha saratani. Si kweli. Alituzwa kwa utafiti wa kimeng'enya ambacho seli hutumia kupumua.

Waliomfuata walipima. Kipimo cha pH kikishuka, asidi imezidi. Damu yetu huwa karibu 7.4, lakini kandokando ya uvimbe hushuka hadi 6.5 hivi. Uvimbe ndio unaotoa asidi hiyo, kama jiko litoavyo moshi. Seli za saratani huisukuma nje, zenyewe zikabaki salama. Huko nje asidi hudhoofisha kinga ya mwili, hufungua njia ya saratani kuenea, na huzuia baadhi ya dawa, kama doksorubisini, kuingia vizuri ndani ya seli.

Je, magadi yatafika huko? La. Mapafu na figo hulinda damu isibadilike. Ukizidisha magadi, unajidhuru bure.

Akina mama, kipimo cha Pap hakigundui saratani ya ovari. Tumbo likijaa, ukishiba upesi, nyonga zikiuma au ukikojoa mara kwa mara karibu kila siku kwa wiki tatu, nenda kituo cha afya, uombe kupigwa picha ya tumbo.

Mama yule nilimwandikia barua ya rufaa siku ile ile. Nilisikitika kwamba miezi ile ya magadi haingerudi.

Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema.