Kipindupindu cha Uvira: kutoka ziwani hadi bombani

Mwaka 1978 kipindupindu kilivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Tanzania, kikatua kwenye fukwe za Burundi na Zaire. Miaka michache kabla ya hapo ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuingia Zaire kwa mlango mwingine, kule magharibi karibu na mdomo wa Mto Kongo. Huko uliwaka, ukazimika. Huku mashariki ulikaa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule Uvira, mji wa ufukweni upande wa Zaire, Kongo ya leo, sasa anakaribia miaka hamsini, na hajaishi katika mji usiokuwa na kolera, kama wenyewe wanavyoiita.

Njia za maji na biashara za huku ziliujua ugonjwa huu tangu zamani. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwezi Aprili 1858, wakati mji huo ulipokuwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara wa pwani upande wa kaskazini. Waliporudi pwani mwanzoni mwa 1859 waliikuta Kilwa ikizika watu kwa kipindupindu. Miaka kumi baadaye kikaja kingine, kile cha 1869 na 1870, ambacho Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akimtibu Sultani wa Zanzibar, alikifuatilia kwa subira ya ajabu. Aliwahoji wasafiri na wafanyabiashara, akapanga tarehe na njia za misafara, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Christie alikuwa ameona jambo ambalo bado ni kiini cha habari hii: kipindupindu hutembea na watu, kwa mwendo wa watu.

Wakati huo hakuna aliyejua kinamuuaje mtu. Filippo Pacini alikuwa amekwisha kuviona vijidudu vyake mjini Florence mwaka 1854, lakini hakusikilizwa. Robert Koch alivitenga Calcutta mwaka 1884, na dunia ikampa sifa yeye. Koch alihisi kwamba kijidudu hutoa sumu, ila uthibitisho ulichelewa kwa miaka 75. Ulitoka Calcutta hiyo hiyo, kwa daktari Mhindi aitwaye Sambhu Nath De. Mwaka 1959 De alifunga kipande cha utumbo wa sungura kwa uzi, akakidunga mchuzi ambamo vijidudu vilikuwa vimeoteshwa kisha vikachujwa vyote, akaona utumbo ukijaa maji. Vijidudu havikuwemo, ila maji yalimiminika. Kwa maoni yangu hilo ni moja ya majaribio makubwa ya karne ile, na ni aibu kwamba De alikufa bila dunia kumtambua ipasavyo.

Tangu hapo utaratibu wa sumu hiyo umefahamika hatua kwa hatua. Ina sehemu mbili. Moja hushika ukuta wa seli ya utumbo mwembamba; nyingine huingia ndani na kuwasha swichi ambayo seli haiwezi kuizima. Chumvi humwagwa nje ya seli, na maji huifuata chumvi. Seli yenyewe haifi wala utumbo haupati kidonda. Mgonjwa anaweza kupoteza lita moja kwa saa, maji meupe kama yale yaliyooshea mchele, na mtu mzima aliyeamka na nguvu zake asubuhi akawa amekufa kabla jua halijazama. Kinachomuua ni ukavu.

Kwa kuwa seli haifi, iko njia nyingine ambayo sumu haiigusi: ile inayoingiza sukari na chumvi pamoja. Mpe mgonjwa maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo sahihi, naye atayanyonya hata kama anaendelea kuharisha. Jambo hilo lilijaribiwa Dhaka mwaka 1968. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alilitumia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon baada ya serumu za mshipani kumwishia, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Kwa hiyo kipindupindu kilipovuka Tanganyika mwaka 1978, dawa yake ilikuwa imekwisha kujulikana, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya soda.

Ila kuijua dawa si kuwa nayo pale inapohitajika. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika Goma na kuchota maji ya Ziwa Kivu, kipindupindu kilichanganyika na kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000.

Uvira haikuwahi kuwa na msiba wa kiasi hicho kwa mara moja. Wake ni wa kila mwaka. Hospitali Kuu ya Rufaa ina kituo cha matibabu ya kolera, CTC, chenye vitanda vya namna yake: turubai la plastiki lenye tundu katikati na ndoo chini ya tundu. Muuguzi husoma kilichomo kwenye ndoo, akajua arudishe kiasi gani. Kila anayeingia huandikwa daftarini: siku, umri, mtaa anakotoka. Kavimvira, Mulongwe, Kasenga, Kalundu. Wauguzi waliojaza madaftari hayo usiku, mji ukiwa gizani, hawakujua kwamba walikuwa wakikusanya moja ya kumbukumbu zenye thamani kubwa katika utafiti wa kipindupindu Afrika.

Wataalamu walipoanza kuuliza kwa nini ugonjwa hauondoki, la kwanza kushukiwa lilikuwa ziwa. Shaka hiyo ilikuwa na msingi. Maji ya Tanganyika yana magadi, na kijidudu cha kipindupindu hupenda magadi. Maabara wakitaka kukiotesha hukiweka kwenye mchuzi wenye ukali unaokaribiana na wa ziwa lenyewe. Daktari Didier Bompangue wa Kinshasa, pamoja na Mfaransa Renaud Piarroux, walichambua takwimu za nchi nzima na mwaka 2008 wakaonyesha kwamba kanda za afya zilizo kandokando ya maziwa ya mashariki huugua kuliko nyingine, na kwamba ni kutoka huko milipuko husambaa kwenda kwingine. Miaka mitatu baadaye Bompangue na wenzake walipitia kumbukumbu za Maziwa Makuu za 1978 hadi 2008, wakaona visa vikipanda miaka ya El Niño.

Hapo mtu angeweza kukata tamaa. Ikiwa ugonjwa umo ziwani, nani atalitibu ziwa lenye kina cha mita 1,470? Lakini ushahidi mwingine ulivuta upande wa pili. Mwaka 2017 kundi la François-Xavier Weill wa Taasisi ya Pasteur, Paris, lilisoma vinasaba vya mamia ya vijidudu vilivyohifadhiwa tangu 1970, likakuta kwamba kipindupindu cha mlipuko kimeingia Afrika kutoka Asia angalau mara 11, kikabebwa na watu. Christie angefurahi kuisoma kazi hiyo. Ziwa linaweza kukihifadhi kijidudu, na wavuvi wa ndagala, wachuuzi na wakimbizi wakakipeleka Baraka, Bujumbura na Kigoma. Bado lilibaki swali la Uvira: kinafikaje kinywani?

Jibu lilitoka kwenye madaftari. Aurélie Jeandron na wenzake wa chuo cha afya na tiba ya kitropiki cha London waliyachukua maandishi ya CTC ya 2009 hadi 2014, wakayaweka sambamba na kumbukumbu nyingine ambayo hakuna aliyewahi kuihesabu kuwa ya kitabibu: kiasi cha maji ambacho Regideso, shirika la maji, ilisukuma mjini kila siku. Mtambo wa Regideso huchota Mto Mulongwe. Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, pampu husimama. Mvua kubwa ikinyesha, mto huja na tope. Bomba likikauka, wanawake na watoto hubeba bidoni zao kwenda mtoni au ziwani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika siku 12 zinazofuata siku isiyo na maji ya bomba, wanaolazwa kwa kushukiwa kolera waliongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na baada ya siku ya maji tele. Karibu robo ya wote waliolazwa katika miaka hiyo wangeweza kuhusishwa na upungufu wa maji. Na mitaa iliyotegemea bomba zaidi ndiyo iliyoumia zaidi lilipokauka. Kwa maneno mengine, pampu ikizimika leo, unaweza kuanza kuandaa vitanda vya wiki ijayo. Nimekuwa nikisoma habari za afya kwa muda mrefu, na sijui takwimu nyingine inayoweka wajibu mahali pake waziwazi hivyo. Sababu za kwenda na bidoni ziwani zimo kwenye nyaya za umeme, kwenye mabomba, kwenye bajeti. Zote ni kazi za mikono ya watu.

Ujenzi wa kupanua mtandao wa maji ulikuwa unaendelea, kwa fedha za wafadhili wa Ulaya, pale Mulongwe ulipovunja kingo zake usiku wa tarehe 16 Aprili 2020. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na mitambo ya maji ikaharibika. Mji ukabaki na kiu katikati ya mafuriko.

Ndipo chanjo ya matone ilipoletwa, Julai na Oktoba mwaka huo. Watu wengi walipata dozi moja tu kati ya mbili. Espoir Bwenge Malembaka, mtafiti wa Bukavu, na wenzake wa Johns Hopkins wakaona swali hapo: dozi moja hukinga kiasi gani, na kwa muda gani? Kila mgonjwa aliyethibitishwa kwa vipimo walimlinganisha na majirani wa rika lake, wakauliza nani alichanjwa. Kipimo kilikuwa muhimu, kwa kuwa chini ya nusu ya wanaoletwa CTC kwa kuhara huwa na kipindupindu hasa.

Watafiti wakiwa bado kazini, Oktoba 2022, akiba ya chanjo duniani ilipungua kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani na washirika wake waliamua kutoa dozi moja badala ya mbili kila panapolipuka. Kuanzia Haiti hadi Malawi watu walichanjwa hivyo, ilhali ushahidi wa muda gani dozi moja hudumu ulikuwa haba, hasa kwa mahali ambapo ugonjwa hauondoki. Mwaka 2024 Uvira ilijibu. Dozi moja ilikinga kwa takriban asilimia 53 kati ya mwezi wa 12 na wa 17, na mwaka wa tatu bado ilikinga kwa karibu asilimia 45.

Asilimia 45 inawaacha wengi bila kinga, na hao kinga yao ya kila siku ni maji ya bomba, siku ambazo pampu ya Mulongwe ina umeme.