Majuma Manane na Saa Mbili

Mji wa Molo umekaa juu ya milima ya Mau, yapata mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Reli iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901 hupita hapo, baada ya Njoro na Elburgon. Wewe unayesoma habari hizi pengine wakaa huko, au umepata kupita, basi hapana haja nikueleze baridi yake. Asubuhi ya mwezi wa Julai ukungu hulala juu ya mashamba ya viazi na pareto, kondoo husongamana, na watu hufunga madirisha. Nataka uyakumbuke madirisha hayo, maana maradhi ninayotaka kukusimulia huenea kwa pumzi, na nyumba isiyopitisha upepo huyasaidia sana. Jina lake ni kifua kikuu.

Tuseme watu wawili wa Molo wameshikwa na kikohozi kisichokoma. Wote wawili wamekonda, na wote wawili hutokwa na jasho usiku. Makohozi yao yakitiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, huonekana vijiti vile vile, vyembamba na vyekundu. Tabibu hawezi kuwatofautisha. Lakini vijidudu vya mmoja hufa kwa dawa, na vya mwenziwe havidhuriki kwa dawa ile ile. Je, tabibu atajuaje? Hadubini huonyesha umbo la kijidudu. Tabia yake haiionyeshi.

Tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch, daktari Mjerumani, alisimama mbele ya wataalamu mjini Berlin akawatangazia kuwa amemwona bakteria anayeleta kifua kikuu. Kabla ya siku hiyo wengi walidhani kuwa maradhi hayo ni urithi wa ukoo. Ugunduzi ule ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa wa kumjua adui tu. Kwa miaka sitini iliyofuata wagonjwa walilazwa penye hewa safi, wakalishwa vizuri, wakangojea kupona au kufa.

Mwaka 1943 Albert Schatz, kijana aliyekuwa akisomea katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, alipata dawa ya streptomaisini kutoka katika kiumbe mdogo aishiye udongoni. Uingereza iliipata kwa uhaba, na kuanzia mwaka 1947 ikajaribiwa kwa wagonjwa 107. Wagonjwa 55 walipewa dawa, na 52 walipumzishwa kitandani tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa wanne katika kundi la kwanza, na 14 katika kundi la pili. Kama ungalikuwa mwandishi wa gazeti siku hizo, bila shaka ungaliandika kwamba kifua kikuu kimeshindwa. Ilipotimia miaka mitano hesabu ilikuwa nyingine: katika wale 55 walikuwa wamekufa 32, na katika wale 52 walikuwa wamekufa 35. Vijidudu vilivyokuwa katika vifua vya wengi waliopewa dawa viligeuka kuwa sugu.

Watu hupenda kusema kuwa kijidudu "kimeizoea" dawa, kama mtoto anavyoizoea pilipili. Msemo huo ni mwepesi, lakini si kweli. Bakteria wanapozaana hunakili maandishi yao ya urithi, na katika kunakili huingia makosa. Kosa moja, kwa bahati tu, laweza kumfanya bakteria asidhurike. Katika kifua kikuu, yapata bakteria mmoja katika milioni huzaliwa hali hadhuriki kwa dawa ya isoniazidi, na mmoja katika milioni mia kwa dawa ya rifampisini. Sasa, pango moja lililoliwa ndani ya pafu laweza kuwa na bakteria milioni mia. Ukitumia dawa moja utawaua wote isipokuwa wachache wale, na hao wachache watairithi nyumba nzima. Lakini ukitumia dawa mbili pamoja, yule atakayesalimika budi awe na makosa mawili kwa mara moja. Zidisha namba hizo mbili mwenyewe uone ni sufuri ngapi zinazofuata moja.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya matabibu kuchanganya dawa, na katika kuutafuta mchanganyiko ulio bora Afrika Mashariki ilifanya kazi kubwa. Mwaka 1964 Kenya, kwa kushirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ilipima wagonjwa wa sehemu zote za nchi ili kujua usugu umeenea kiasi gani. Miaka michache baadaye wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliingia katika jaribio jipya. Wakati huo matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu, na mtu aliyejisikia mzima baada ya miezi mitatu aliacha dawa akarudi shambani. Swali lilikuwa: je, miezi sita yatosha? Rifampisini ilikuwa bado ni dawa mpya, iliyotokana na udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa, uliochunguzwa na wataalamu wa Milan mwaka 1957. Matokeo yalitangazwa mwaka 1972. Waliopewa streptomaisini na isoniazidi peke yake kwa miezi sita, watu 29 katika kila mia walirudiwa na ugonjwa. Walioongezewa rifampisini walirudiwa watu watatu tu katika mia. Ulimwengu mzima ulifuata njia iliyofunguliwa hapo. Hunishangaza kuwa vitabu vyetu humtaja Koch na Berlin yake kila mara, na wagonjwa wale wa kwetu havitaji hata kwa mstari mmoja.

Rifampisini basi ikawa nguzo ya matibabu. Nguzo ikianguka nyumba huyumba, na ndiyo sababu ya kutaka kujua upesi nani ana bakteria asiyedhuriwa nayo. Njia ya kujua ilikuwa moja: kuwaotesha bakteria maabarani, kisha kuwaotesha tena penye dawa na kutazama kama watakua. Chakula chao huundwa kwa mayai ya kuku na kutiwa rangi ya kijani kibichi. Lakini bakteria huyu ni mvivu kupita kiasi. Bakteria mmoja wa tumboni huweza kuwa wawili kwa muda wa dakika 20. Huyu wa kifua kikuu hutaka karibu saa 20. Kuotesha mara ya kwanza kwaweza kuchukua hata majuma manane, na kupima dawa huongeza majuma mengine. Wakati huo wote yule mgonjwa wa pili wa Molo yupo nyumbani. Anameza dawa isiyomfaa kwa uaminifu, anakohoa, watoto wanalala chumba kimoja naye, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Jibu likija, huenda limemkuta amekufa, au limekuta wagonjwa watatu badala ya mmoja.

Wataalamu wakajiuliza: kwa nini tumngojee bakteria akue, na hali maandishi yake ya urithi anayo ndani yake tangu siku ya kwanza? Mwaka 1983 Kary Mullis wa Marekani alikuwa amebuni njia ya kunakili kipande cha maandishi hayo mara mamilioni kwa kukipasha joto na kukipoza. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo bila kuharibiwa na joto kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, chemchemi zitokotazo kama zile unazoweza kuziona kando ya Ziwa Bogoria.

Rifampisini huua kwa kukiziba kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kusoma maandishi yake. Bakteria aliye sugu karibu kila mara, yaani mara 95 katika mia, huwa na kosa katika sehemu moja fupi yenye herufi 81 tu. Kwa hiyo ikaundwa mashine, GeneXpert kwa jina lake, ambayo hupewa makohozi ndani ya kikasha kidogo, huwapasua bakteria, huinakili sehemu ile, na kuipeleka kwenye vipimio vitano. Kila kipimio hushika kipande chake cha zile herufi, na kikishika huwaka kama taa. Zikiwaka zote tano kwa wakati wake, rifampisini itafaa. Taa moja isipowaka, au ikichelewa kupita kiasi, herufi za mahali pake zimebadilika, na bakteria huyo ni sugu. Kazi yote haitimizi saa mbili. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwezi wa Desemba 2010, na mwaka uliofuata Kenya ikaanza kuitumia.

Mwaka ule ule wa 2010, huko Kapsabet, mji wa Bonde la Ufa, watu walioacha dawa za kifua kikuu walipelekwa gerezani kwa amri ya mahakama wakae miezi minane ili watibiwe. Walikaa siku 46 kabla ya kufunguliwa. Mahakama Kuu iliamua mwezi wa Machi 2016 kwamba kuwafunga hivyo kulikuwa kinyume cha Katiba. Kwa maoni yangu amri ile ilikuwa mbaya hata bila kuuliza sheria, maana chumba cha gereza hujaa watu kuliko nyumba yoyote ya Molo.

Mashine hii ina mipaka yake. Hutaka umeme usiokatika, na mahali pasipozidi joto la nyuzi 30. Katika jambo hilo baridi ya Molo ni neema. Kikasha kimoja, kwa nchi zenye kipato kidogo, kiliuzwa karibu dola 10 tangu 2012, na mwaka 2023 bei ikashuka hadi karibu dola 8. Husoma hata herufi za bakteria aliyekwisha kufa, ndiyo maana kumfuatia mgonjwa aliye katikati ya matibabu bado ni kazi ya hadubini. Tena kikasha hicho hujibu juu ya rifampisini peke yake. Kwa dawa nyingine vipo vipimo vingine, na kuotesha hakujaachwa.

Na zile saa mbili huhesabiwa tangu kikasha kitiwapo mashineni. Safari ya makohozi kutoka zahanati ya mlimani, juu ya pikipiki, katika tope la mwezi wa Mei, haimo katika hesabu hiyo, wala hayamo majuma ambayo mgonjwa alikaa nyumbani akinywa dawa ya kikohozi iliyonunuliwa dukani.