Mimba za Kifalme na Barua kutoka Kericho

Mwezi Mei 2022, wazee wa Kipsigis na wa ukoo wa Talai kutoka Kericho walimwandikia barua Prince William. Walimwomba awasaidie ili Uingereza ikubali kuzungumza nao kuhusu ardhi waliyonyang'anywa enzi za ukoloni, ile ardhi ya majani chai ambayo kila mtu anayepita Kericho akielekea Kisumu lazima aipige picha aiweke status. Milango mingine walikuwa wameshaibisha. Tume ya Taifa ya Ardhi hapa Kenya ilisema mwaka 2019 kwamba kweli walidhulumiwa. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa nao waliihoji serikali ya London mwaka 2021. Hakuna kilichosonga. Basi wakaiandikia familia.

Kwani William ana mamlaka gani? Kisheria, hana. Hatii saini malipo ya fidia wala hamwagizi waziri yeyote. Lakini wazee wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wameiangalia picha tuliyoiangalia sisi sote. Huyu ndiye aliyemposa Kate karibu na Mlima Kenya, Oktoba 2010. Ndiye mlezi wa Tusk, shirika la kuhifadhi wanyamapori wa Afrika, tangu 2005. Na Machi 2022, miezi miwili tu kabla ya barua, alisimama Jamaica akaeleza huzuni yake kubwa kuhusu utumwa. Mtu wa namna hiyo, ukiwa na shida, utaacha kumwandikia?

Sura hiyo ya huruma haikuota yenyewe. Ina historia, na ukiifuatilia unakutana mara kwa mara na mwanamke mjamzito. Kericho nayo ina historia yake ya wajawazito wa ukoo mkubwa, na hizo mbili zinaanza karibu mwaka mmoja.

Tarehe 29 Novemba 1934, Princess Marina wa Ugiriki aliolewa na Prince George, Duke wa Kent, mtoto wa Mfalme George wa Tano. Ilikuwa harusi ya kwanza ya familia hiyo kutangazwa redioni. Marina alijua kuvaa, na wanawake wa London wakaanza kuiga kofia zake. Kuna hata rangi ya buluu iliyopewa jina lake. Mwaka uliofuata akapata mimba, na tarehe 9 Oktoba 1935 akajifungua mvulana. Siku hizo mimba ya kifalme ilisemwa kwa kuzungukazunguka. Hata mwaka 1948, Princess Elizabeth alipokuwa amembeba Charles, kasri lilitangaza tu kwamba hatakuwa na shughuli za hadhara baada ya mwisho wa Juni. Mimba haikutajwa. Kila mtu akaelewa.

Mwaka huo huo wa 1934, huku kwetu, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha "malaibon". Neno lenyewe si la Wakipsigis. Waingereza waliliokota kwa Wamaasai. Waliolengwa ni Watalai, ukoo uliotoa orkoiyot, kiongozi aliyebariki vita, aliyesoma ishara na ambaye watu walimwogopa kiasi cha kutolitaja jina lake ovyo. Hakuwa mfalme. Hakuwa na kiti cha enzi wala walinzi. Lakini ukitafuta neno la kuwaelezea Watalai kwa mtu wa nje, "kifalme" ndilo la karibu, hata kama mzee wa Kipsigis atakukata jicho ukilitumia. Kwa Wanandi, Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen mwaka 1905 alipokuja kwenye mazungumzo ya amani. Kaka yake, Kipchomber arap Koilegen, ndiye aliyekuwa orkoiyot kwa Wakipsigis, na mwaka 1914 yeye na ndugu zake walikamatwa wakapelekwa uhamishoni Mkoa wa Kati. Kufikia 1934 serikali ilikuwa imechoka kushughulika na mtu mmoja mmoja. Iliamua kuuhamisha ukoo.

Katikati ya hiyo miaka, ardhi ilikuwa imebadilisha mikono. Baada ya Vita vya Kwanza, ekari elfu 25 za Kericho zilipewa maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Kitani kiliwashinda. Katikati ya miaka ya 1920 zikaja kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay, na milima ikaanza kuvaa kijani kile tunachokiona leo. Maelezo rasmi ya serikali kuhusu Watalai yalikuwa wizi wa ng'ombe na uchochezi. Sawa. Ila ukiangalia ramani, ni vigumu kuamini kwamba ng'ombe peke yao ndio waliokuwa wakiwanyima watu usingizi.

Watu wapatao 700 walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, upande ambao leo ni Kaunti ya Homa Bay. Hebu fikiria mwili wa mtu aliyezaliwa Kericho, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi na mvua ya kila alasiri. Mwili huo haujazoea malaria. Sasa ushushe hadi ufuko wa ziwa wenye mbu, jirani na bonde la Lambwe lililojaa mbung'o. Malaria humpiga mjamzito kuliko mtu mwingine mzima, na asiye na kinga ndiye huumia zaidi: huishiwa damu, mimba hutoka, au mtoto huzaliwa mdogo na dhaifu. Walionusurika na wajukuu wao wamesimulia kuhusu watoto na wazee waliokufa, na kuhusu mimba zilizoharibika. Hakuna kasri lililotoa taarifa kuhusu mimba hizo.

Wakipsigis humpa mtoto jina kutokana na alivyozaliwa. Chepkemoi ni wa usiku. Kipkorir ni wa alfajiri. Aliyezaliwa mama akiwa safarini ni Kipruto, au Cheruto akiwa msichana. Kwa hiyo mtoto wa njiani kwenda Gwassi angeitwa Kipruto, jina lilelile la mtoto ambaye mama yake alikuwa ameenda tu kumsalimia shangazi. Halafu kuna jina la mizimu: akina mama hutaja majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, hadi mtoto apige chafya, na hapo hujulikana ni nani amerudi. Na kwa sheria ile ya 1934, aliyerudi alikuwa ameshahukumiwa. Kosa lilikuwa ukoo, na ukoo huingii kwa hiari. Mtoto alikuwa ndani ya sheria kabla ya kuwa nje ya tumbo.

Marina wetu wa kofia aliendelea vizuri na kazi ya ubalozi. Machi 1957 yeye ndiye aliyemwakilisha Malkia Elizabeth kwenye sherehe za uhuru wa Ghana. Miaka miwili baadaye Ghana ilimsubiri malkia mwenyewe, na hapo mimba ya kifalme ikawa jambo la siasa za Afrika. Kiangazi cha 1959 Elizabeth alizunguka Kanada akiwa mjamzito bila umma kujua, akafungua njia ya meli ya St Lawrence pamoja na Rais Eisenhower, akafika hadi Chicago. Safari ya Ghana iliyopangwa mwishoni mwa mwaka ikaahirishwa. Kwame Nkrumah alitumiwa mjumbe kuelezwa siri hiyo kabla ya wengine, kisha akaalikwa Balmoral na kupewa heshima ya kuingia kwenye Baraza la Siri la Malkia. Yaani rais mtarajiwa wa nchi huru alibembelezwa kwa sababu ya mtoto aliye tumboni. Malkia alienda Accra Novemba 1961, akacheza dansi na Nkrumah, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima.

Mwaka 1959 Watalai walikuwa bado Gwassi. Walirejea Kericho karibu na uhuru, mwaka 1962, na wengi wao hawakukuta shamba la kurudia. Palikuwa na chai.

Kutoka hapo mimba ya kifalme iliacha kufichwa, ikageuka kuwa vazi la kazini. Hakuna aliyelivaa kwa bei ghali kama Meghan. Kabla hajaolewa alikuwa balozi wa World Vision Kanada, na mwaka 2016 alienda Rwanda kwa kampeni ya maji safi. Ubalozi wa aina hii ulianza na UNICEF na mchekeshaji Danny Kaye mwaka 1954: mtu maarufu anaazima uso wake ili watu waangalie jambo ambalo wangelipita. Februari 2019, akiwa na mimba ya miezi kama saba, Meghan alienda Moroko, akapanda hadi Asni kwenye milima ya Atlas kuwaona wasichana wanaoishi kwenye bweni ili wasome. Mmoja wao akamchora hina mkononi kama wanavyofanyiwa wajawazito wa huko. Picha nzuri, kusema kweli. Lakini mwezi uliotangulia gazeti moja la London lilikuwa limeuliza mbona hawezi kutoa mikono tumboni, gazeti hilohilo ambalo mwaka mmoja nyuma lilimsifu Kate kwa mkao uleule. Tumbo moja mapenzi, tumbo jingine maonyesho. Ukiwa Mkenya unaelewa haraka tofauti ilikuwa nini.

Sitaki kudharau picha. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, ambaye si malkia lakini tulimtendea karibu hivyo, alianzisha Beyond Zero na kukimbia marathoni ya London ili kupata fedha za kliniki za magari kwa kila kaunti. Mjamzito wa Bomet anayehitaji kupimwa hajali sana nani alipigwa picha na nani. Anataka gari lifike. Uso maarufu unaweza kulifikisha.

Shida ni pale anayeomba hataki gari, anataka jibu.

Kuna mwaka mmoja unaonyesha hili vizuri: 2013. Kate alikuwa mjamzito, na hakuna aliyejua ni msichana au mvulana. Bunge la Uingereza likapitisha sheria mpya ya urithi wa taji, ili mtoto wa kwanza akiwa msichana asije akarukwa na mdogo wake wa kiume. Nchi nyingine ambazo mfalme wake ndiye huyohuyo ilibidi zikubali. George alizaliwa tarehe 22 Julai, mvulana, na sheria haikuhitajika kwake. Mwezi mmoja kabla, Juni 2013, serikali hiyohiyo ilikubali kuwalipa wazee 5,228 wa Mau Mau walioteswa kambini, baada ya kuburutwa mahakamani. Kwa mtoto ambaye hajazaliwa, serikali kadhaa zilikubaliana mapema. Kwa mababu waliokuwa hai, ilichukua nusu karne na mawakili.

Hapo ndipo barua ya Kericho inapouma. Wazee hawakumwandikia William kwa sababu ni mkarimu peke yake. Walimwandikia kwa sababu ya damu. Yuko pale alipo kwa kuzaliwa, na wao walihamishiwa Gwassi kwa kuzaliwa. Kama ukoo unatosha kumpa mtu taji kabla hajapumua, kwa nini usitoshe kumpa na deni? Familia ya kifalme ina njia yake ya kukwepa swali kama hilo: wao hawaingilii siasa. Hawaingilii, lakini Nkrumah alialikwa Balmoral, na Marina alitumwa Accra. Kutokuingilia siasa ndiko kunakofanya huruma yao ionekane safi, na ndiko kunakowapa ruhusa ya kunyamaza ikiitwa kazini. Agosti 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka kesi kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alisimama Ikulu ya Nairobi akazungumzia huzuni na majuto kuhusu ukatili waliotendewa Wakenya. Hakuomba msamaha, hilo ni la serikali. Kisha yeye na Malkia Camilla wakawaona tembo yatima wa Sheldrick, na Camilla akawatembelea punda waliookolewa chini ya shirika la Brooke (si Brooke Bond, tafadhali, ni Brooke ya punda). Wakaenda Mombasa. Wadogo kabisa kati ya waliohamishiwa Gwassi miaka ile ya 1930 walikuwa tayari na zaidi ya miaka 80.

Kericho haikuwa kwenye ratiba. Ni kilomita kama 260 kutoka Nairobi, na barabara ni ya lami.