Shamba la Zülsdorf na Haki ya Mjane

Wakristo wengi humkumbuka Katharina von Bora kuwa mtawa aliyeiacha nyumba ya watawa na kufunga ndoa na Dkt. Martin Luther mwaka 1525. Ni wachache wamfahamuo kuwa mkulima hodari, aliyefuga, aliyelima na kulisha wageni wengi mezani pake huko Wittenberg.

Mwaka 1540 kaka yake, Hans, aliuza shamba dogo la ukoo wao pamoja na nyumba yake, katika kijiji cha Zülsdorf, kusini mwa Leipzig. Luther alilinunua kwa ajili ya mkewe kwa guldeni 610, fedha iliyozidi mshahara wake wa mwaka mzima. Majengo yalihitaji matengenezo, hata ikabidi aombe miti ya ujenzi. Tangu Wittenberg kulikuwa na safari ya siku mbili hivi kwa gari la farasi, lakini Katharina alikwenda na kukaa huko kwa majuma kadhaa, akisimamia kazi mwenyewe. Luther naye, katika barua zake, alimtania kwa kumwita bibi wa Zülsdorf.

Hata hivyo, jambo zito lilikuwa mbele yao. Sheria ya Saksonia ya wakati ule ilimpa mjane sehemu ndogo tu ya mali, tena ilimweka chini ya wasimamizi. Kwa hiyo mnamo Januari 1542 Luther aliandika wosia wake kwa mkono wake mwenyewe, akimwachia Katharina shamba hilo. Alitaka watoto wamtegemee mama yao, wala si mama awategemee watoto. Lakini hakuufuata utaratibu wa wanasheria, kwani hakuwapenda.

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546, na wosia ule ukapingwa. Chansela Gregor Brück hakuona vema mjane ajitawalie mali. Ndipo mtawala wa nchi, Johann Friedrich, alipouthibitisha, na Katharina akabaki na shamba lake.

Muda si mrefu vita vikazuka, naye akalazimika kukimbia na watoto wake. Aliporudi alikuta mashamba yameharibiwa na mifugo imetoweka. Alianza upya, akiandika hata kwa Mfalme Christian III wa Denmark kuomba msaada. Alifariki Torgau tarehe 20 Desemba 1552, na mwaka uliofuata warithi wakaiuza Zülsdorf.

Kijiji hicho hakipo tena. Lakini fundisho lake limebaki: upendo wa mume pekee haukutosha kumlinda mjane, wala maandishi yake pekee hayakutosha. Ilihitajika pia sauti ya mwenye mamlaka aliyekubali kusimama upande wake. Kila usharika wenye wajane una sababu ya kulikumbuka hilo.